Kesi Tano Hazikumfunga, Kifungu Kimoja Kikamshinda

SWALI: Kwako Mwalimu wa ukurasa huu, nakusalimu kutoka Umoja, Nairobi. Mimi ni mwanafunzi wa uandishi wa habari, mwaka wa pili. Juma lililopita mhadhiri wetu alitaja kwa kupita tu jina la Charles Gavan Duffy, Mwayalandi aliyekuwa mhariri wa gazeti, akafungwa na Waingereza kwa uchochezi, kisha baadaye akawa Waziri Mkuu wa koloni la Waingereza hao hao kule Australia na kupewa cheo cha Sir. Darasa letu liligawanyika papo hapo. Wengine walisema huyo ni mfano wa mwandishi aliyeuza kalamu yake, na wengine wakasema alikwenda kutenda yale aliyokuwa akiyaandika. Mimi nilibaki katikati. Naomba utueleze maisha yake na utuambie wewe mwenyewe unamwonaje.

JIBU: Mwanangu wa Umoja, swali lako limenikuta na hamu, kwa kuwa ni miaka mingi tangu niliposoma habari za mtu huyu kwa mara ya kwanza, na sijawahi kuzisoma bila kuifikiria nchi yetu.

Duffy alizaliwa tarehe 12 Aprili 1816 katika mji wa Monaghan, kaskazini mwa Ayalandi, mwana wa mwenye duka. Familia yake ilikuwa ya Wakatoliki, na wakati huo Mkatoliki hakuruhusiwa kuketi katika Bunge la London. Ruhusa hiyo haikupatikana hadi mwaka 1829, kijana huyu akiwa na miaka kumi na mitatu. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mtoto. Alianza kazi ya magazeti angali kijana, akapitia Dublin, na mwaka 1839 akawa mhariri wa gazeti la Vindicator mjini Belfast.

Jina lake lilipaa mwaka 1842. Yeye na vijana wawili, Thomas Davis na John Blake Dillon, walikuwa wakitembea katika bustani ya Phoenix Park mjini Dublin, wakaketi chini ya mti na kukubaliana kuanzisha gazeti la kila wiki. Davis alikuwa Mprotestanti na wenzake wawili Wakatoliki, jambo ambalo katika Ayalandi ya siku zile halikuwa dogo hata kidogo. Duffy ndiye aliyekuwa na uzoefu wa kazi, kwa hiyo yeye akawa mwenye gazeti na mhariri. Toleo la kwanza la The Nation lilitoka tarehe 15 Oktoba 1842. Liliwataka Waayalandi wote, wa dini zote, wajione kuwa taifa moja lenye haki ya kuwa na bunge lake, kwa maana bunge la Dublin lilikuwa limevunjwa na nchi kuunganishwa na Uingereza tangu mwaka 1801.

Bei yake ilikuwa peni sita za Kiingereza, fedha ambayo kibarua wa shamba hakuweza kuitoa kila wiki. Hata hivyo gazeti liliwafikia vibarua, na napenda wewe mwanafunzi wa fani hii uizingatie njia lililopitia. Nakala moja ilinunuliwa kwa ajili ya chumba cha kusomea cha kijiji, mtu mmoja aliyejua kusoma akasimama, na wengine wakasikiliza. Ukipita asubuhi penye meza ya muuza magazeti katikati ya Nairobi utawaona watu sita au saba wameinama kusoma vichwa vya habari bila kununua, kisha wakaendelea kubishana hadi kituo cha matatu. Mhariri mwenye akili huwaandikia hao pia. Duffy alifanya hivyo kwa makusudi: alijaza gazeti mashairi na nyimbo, kwa sababu wimbo hukaa kichwani mwa mtu asiyejua hata herufi moja.

Sasa tuje kwenye kesi, maana mhadhiri wenu alisema alifungwa, na hilo ni kweli, lakini kuna mengi zaidi. Mwaka 1844 alihukumiwa pamoja na kiongozi mkuu wa Wakatoliki, Daniel O'Connell, kwa kula njama za uchochezi. Walikaa katika gereza la Richmond mjini Dublin kwa muda wa miezi mitatu hivi, mpaka Septemba, Baraza la Malodi la London lilipobatilisha hukumu. Mwaka 1846 alishtakiwa tena kwa sababu ya makala ambayo hakuiandika yeye. Mwandishi wake John Mitchel alikuwa ameeleza namna reli mpya zingeweza kuharibiwa zisitumiwe na majeshi. Duffy alisimama kizimbani kama mhariri, na jopo la raia waliosikiliza kesi halikukubaliana.

Kisha ikaja Julai 1848. Ulaya yote ilikuwa imewaka moto wa mapinduzi, na kundi la The Nation, lililokwisha kuachana na O'Connell kwa sababu halikutaka kuapa kwamba silaha haziwezi kutumika kwa hali yoyote, lilikuwa likijiandaa kwa uasi ambao ulizimwa ndani ya siku chache. Duffy alikamatwa kabla ya uasi kuanza. Akiwa ndani, gazeti lake lilichapisha makala ya kuwaita watu washike silaha, iliyoandikwa na mama mmoja mshairi ambaye baadaye alikuwa mama mzazi wa mwandishi Oscar Wilde. Serikali ililifunga gazeti. Wenzake, kina William Smith O'Brien, Thomas Francis Meagher na Mitchel, walihukumiwa na kusafirishwa mbali na nchi yao. Duffy alifikishwa kizimbani mara tano, na mara zote tano serikali ilishindwa kupata uamuzi wa kumtia hatiani, hadi alipoachiliwa mwezi Aprili 1849. Kati ya viongozi wa kundi lile yeye ndiye aliyebaki Ayalandi akiwa huru, na jambo la kwanza alilolifanya lilikuwa kulifufua gazeti.

Lakini nchi aliyoirudia haikuwa ile aliyoiacha. Ugonjwa wa viazi uliokuwa umeingia mwaka 1845 ulikuwa umeleta njaa iliyoua takriban watu milioni moja, na wengine zaidi ya milioni wakahama. Wapangaji wa mashamba waliposhindwa kulipa kodi walifukuzwa na nyumba zao kubomolewa. Hapo ndipo Duffy, kwa maoni yangu, alipogeuka kutoka mwandishi na kuwa mwanasiasa. Aliona kwamba mtu mwenye njaa hawezi kula wimbo wa taifa. Mwaka 1850 alishiriki kuanzisha chama cha kutetea haki za wapangaji, kilichowaunganisha Wakatoliki wa kusini na Wapresbiteri wa kaskazini kwa madai matatu: kodi ya haki, mpangaji asifukuzwe maadamu analipa, na awe na haki ya kuuza maendeleo aliyoyafanya shambani. Mwaka 1852 alichaguliwa mbunge wa New Ross, na wabunge karibu hamsini wa Ayalandi waliahidi kutojiunga na serikali yoyote isiyokubali madai hayo.

Ahadi hiyo haikumaliza hata mwaka. Wawili kati yao, William Keogh na John Sadleir, walikubali vyeo serikalini, na umoja ukaporomoka. Mkenya hahitaji kufafanuliwa jambo hilo. Duffy alivumilia miaka mitatu zaidi, kisha mwaka 1855 akaandika katika gazeti lake kwamba matumaini ya Ayalandi hayakuzidi yale ya maiti iliyolazwa juu ya meza ya kupasuliwa. Aliuza gazeti, akapanda meli pamoja na familia yake, na mwanzoni mwa mwaka 1856 akashuka Melbourne, katika koloni la Victoria.

Darasa lenu linauliza kama aliuza kalamu. Tazameni alichokifanya alipofika. Sheria ya Victoria ilidai kwamba mbunge awe na mali isiyohamishika ya thamani kubwa. Duffy hakuwa nayo, kwa hiyo wafuasi wake walichanga wakamnunulia mali ya pauni 5000 ili astahili kugombea. Alichaguliwa, na mswada wake wa kwanza ulikuwa wa kuliondoa sharti hilo la mali. Ulipita mwaka 1857. Mtu aliyeingizwa kwa mlango wa fedha aliufungua mlango huo kwa wasio na fedha waliokuwa nyuma yake. Katika karamu ya kumkaribisha alikuwa amewaambia waliohudhuria kwamba angali mwasi wa Kiayalandi mpaka ndani ya uti wa mgongo. Sioni mtu aliyeuza kitu hapo.

Cheo cha Sir alikipata mwaka 1873, baada ya kuwa Waziri Mkuu kuanzia Juni 1871 hadi Juni 1872. Naelewa kinavyowakera vijana. Mimi mwenyewe ningependa angekikataa. Hata hivyo mizani ya maisha yake ilikuwa imekwisha kuelemea upande mmoja miaka kumi na moja kabla ya hapo, kwa jambo ambalo msomaji mwingine ameliuliza bila kujua kwamba linamhusu mtu yule yule.

SWALI: Mwalimu, mimi ni karani katika ofisi ya wakili hapa mjini, na kila siku napitisha mikononi mwangu hati za ardhi. Nilisoma mahali kwamba Australia iliwahi kutunga sheria mwaka 1862 ya kugawa mashamba kwa wananchi wa kawaida, lakini walionufaika ni maskwota. Sikuelewa. Si maskwota ndio maskini wenyewe?

JIBU: Ndugu karani, mkanganyiko wako una sababu nzuri, kwa kuwa neno moja limesafiri katika makoloni mawili na kubeba maana zinazopingana. Kwetu Kenya skwota ni yule asiye na shamba, na hapo zamani alikuwa Mwafrika aliyekaa katika shamba la mzungu kwa masharti ya kulifanyia kazi. Sheria ya mwaka 1918 ilimtaka atumike siku 180 kwa mwaka. Katika Victoria neno hilo hilo lilimtaja tajiri. Wafugaji wa kondoo walikuwa wametangulia kuyateka malisho makubwa miaka ya 1830 na 1840 bila hati, wakakaa, wakapewa leseni za bei nafuu, wakatajirika kwa sufu, na jina la uvamizi likageuka kuwa jina la heshima. Huyo ndiye skwota wa Australia: bwana mwenye maelfu ya ekari na kiti katika baraza la juu la bunge.

Mwaka 1851 dhahabu iligunduliwa. Koloni lililokuwa na watu 77,000 mwaka huo lilikuwa na zaidi ya nusu milioni kufikia mwaka 1861. Dhahabu ya juu juu ilipoanza kuisha, wachimbaji hawa walitaka mashamba, na mashamba yalikuwa chini ya kondoo. Duffy alikuwa Waziri wa Ardhi. Fikiria hali yake: mtu aliyewaona wapangaji wakifukuzwa katika theluji ya Ayalandi, aliyeandika makala baada ya makala kuhusu dhuluma ya makabaila, sasa amekabidhiwa ardhi ya nchi nzima na kuambiwa aigawe.

Sheria yake ya mwaka 1862 ilitenga ekari milioni 10. Mtu aliweza kuchagua kipande cha kuanzia ekari 40 hadi 640, kwa pauni moja kwa ekari, nusu akiinunua na nusu akiikodi hadi amalize kulipa. Pale waombaji walipokuwa wengi, kura ilipigwa. Aliyepata alitakiwa aoneshe maendeleo, kwa kulima sehemu ya kumi, au kujenga nyumba, au kuzungushia ua. Ukiisoma haraka utasema ni sheria nzuri kabisa.

Wafugaji matajiri hawakuisoma haraka. Waliwakodi watu: mchungaji, mpishi, mlevi wa barabarani, yeyote mwenye jina. Mtu wa kukodiwa jina alijipanga kwenye foleni pamoja na wananchi wa kweli, akaingia kwenye kura, akapata kipande, akalipwa ujira wake, kisha akakihamishia kipande hicho kwa bwana aliyemtuma. Kumbe sharti la kulima au kujenga lilimfunga aliyechagua ardhi, bali halikumfunga ipasavyo aliyehamishiwa. Kwa hiyo ardhi ilipohama mkono, wajibu ulibaki nyuma kwa mtu ambaye hakuwa na kitu. Sehemu kubwa ya mashamba bora, yale ya magharibi mwa koloni hasa, ikarudi kwa wale wale ambao sheria ilikusudia kuwapunguza, safari hii ikiwa na hati kamili badala ya leseni ya malisho.

Wewe ndugu yangu unayepitisha hati kila siku utaona mara moja kilichokosekana: maneno machache ya kusema kwamba masharti yanafuatana na ardhi popote inapokwenda. Hapa ndipo moyo wangu huuma kila nikifikiria habari za Duffy. Mtu huyu aliishi kwa maneno. Mawakili wa Malkia walimsomea maneno yake mahakamani kesi baada ya kesi wasipate pa kumshika. Lakini makala ya gazeti na kifungu cha sheria ni kazi mbili tofauti. Mwenye makala humwandikia msomaji anayetaka kuelewa, na akiacha pengo, msomaji mwema hulijaza kwa nia njema. Mwenye kifungu humwandikia mtu anayetaka kukipindua, naye huliendea pengo hilo kabla ya kitu kingine chochote. Duffy aliitunga sheria yake kana kwamba wafugaji wa Victoria walikuwa wasomaji wa The Nation.

Sheria zilizofuata, ya 1865 na hasa ya 1869, zilirekebisha kosa kwa njia rahisi: mtu apewe kwanza leseni, akae shambani na kuliendeleza, ndipo aruhusiwe kununua. Lakini aliyezitetea alikuwa waziri mwingine, James Macpherson Grant, na ardhi iliyokwisha kwenda ilikuwa imekwenda.

Kuna jambo jingine ambalo hukuliuliza, nami siwezi kulipita nikiwa Mkenya. Hizo ekari milioni 10 hazikuwa tupu. Zilikuwa za watu kama Wawurundjeri wa bonde la Yarra na Wagunditjmara wa magharibi, ambao walipigana na wafugaji kwa miaka mingi. Mwaka 1835 mfanyabiashara mmoja, John Batman, alidai amefanya mkataba na wazee wa Kiwurundjeri. Gavana akaubatilisha mwaka huo huo, si kwa kuwa uliwapunja wenyeji, bali kwa kuwa ardhi yote ilihesabiwa kuwa ya Taji, yaani ya ufalme wa Uingereza. Sisi tuliyaona hayo hayo katika Sheria ya Ardhi ya Taji ya mwaka 1915, iliyowapa walowezi hati za kukodi za miaka 999. Duffy, aliyejua kwa uchungu maana ya kunyang'anywa shamba la babu yako kwa hati iliyoandikwa London, alisimama juu ya ardhi ya watu wengine na kubishana tu juu ya mlowezi gani apewe nini. Jimbo lake la kwanza la uchaguzi lilikuwa katika nchi hiyo ya magharibi. Nimetafuta katika maisha yake dalili kwamba alizilinganisha dhuluma hizi mbili kwa uzito uliostahili, na sikuridhika. Hili naliona kuwa doa kubwa kuliko cheo cha Sir.

SWALI: Mzee mwenzangu, mimi ni mwalimu mstaafu wa Kangemi. Wapwa zangu wamenionesha barua ya mwanafunzi wa Umoja kabla hajaituma, na nina swali fupi. Huyu bwana aliondokaje madarakani, na je, aliwahi kurudi kwao?

JIBU: Mzee mwenzangu, shukrani. Serikali yake ya 1871 ilidumu karibu mwaka mmoja. Ilipigwa kura ya kutokuwa na imani kwa madai ya upendeleo katika kugawa kazi, hasa uteuzi wa John Cashel Hoey, rafiki yake wa siku za The Nation, katika ofisi ya koloni iliyokuwa London. Duffy aliomba bunge livunjwe ili wananchi waamue, gavana akakataa, naye akajiuzulu. Sidhani kwamba uteuzi huo peke yake ungemwangusha Mprotestanti wa Kiingereza, kwa maana chuki dhidi ya Wakatoliki wa Kiayalandi ilikuwa kali Melbourne, lakini alikuwa amewapa maadui zake fimbo. Walikuwa na nyingine tangu zamani: pensheni ya pauni 1000 kwa mwaka aliyoipokea kutokana na utumishi wake wa uwaziri, akiwa bado mtu wa makamo mwenye nguvu zake. Kwa mtu aliyepanda jukwaani kuwatetea wachimbaji waliochoka, pensheni hiyo ilimgharimu heshima kuliko alivyokubali.

Baadaye akawa Spika wa bunge la Victoria kuanzia 1877 hadi 1880, kisha akaondoka Australia na kuhamia Nice, kusini mwa Ufaransa, kwa ajili ya afya yake. Huko alirudia kazi yake ya kwanza. Aliandika historia ya kundi la vijana wa The Nation, na mwaka 1898 akatoa kumbukumbu za maisha yake, akiwa na miaka themanini na miwili. Ayalandi aliitembelea akiwa hai, ila kurudi kabisa kulikuwa baada ya kufariki Nice tarehe 9 Februari 1903. Alizikwa Glasnevin, Dublin, makaburi ambamo O'Connell naye amelala.

Wanawe walitawanyika kama maisha yake yalivyotawanyika. Frank, aliyezaliwa Dublin, alikua na kuwa Jaji Mkuu wa Australia. George alizaliwa mwaka 1882 kutokana na ndoa ya tatu, baba yake akiwa na miaka sitini na sita, akawa wakili. Tarehe 6 Desemba 1921 George alikuwa miongoni mwa Waayalandi watano waliotia sahihi mkataba na Uingereza uliowapa sehemu kubwa ya nchi yao dola yake, na alitia sahihi kwa shingo upande, kwa kuwa yeye, aliyekuwa amesomea sheria, aliyaona mapengo katika maandishi yale.